Moto Unaopita Ukuta

Bisha. Nakuruhusu kabisa, bisha sasa hivi tungali na mwanga. Wapo waliobisha wakiwa Babati, kwenye hoteli zenye taa, halafu wakaja Endasak mwezi wa saba ukungu ukishuka kutoka Hanang, wakakaa kidogo tu ndani ya lile jengo. Mmoja alitoka mbio akasahau koti. Koti zuri, lina zipu mbili. Ninalivaa mimi.

Naitwa Joakimu. Ukifika Endasak ukauliza fundi wa simu na kompyuta, hata mbuzi watakuelekeza kibandani kwangu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Wewe ulisoma mpaka wapi? Basi tulia usikilize.

Mambo haya yalitokea ofisini, kwenye chama cha wakulima wa mbegu za maharage. Walikuwa wamepanga nusu ya nyumba moja ya matofali ya kuchoma, pale juu njia ya kupandia mlimani. Nusu ya pili alikaa mwenye nyumba, mama Fausta, na binti yake Irene aliyekuwa kidato cha nne. Kati ya nusu hizo mbili ulisimama ukuta mmoja mnene, hauna mlango wala dirisha. Meneja wa chama aliitwa Wolfgang, kijana wa Mbulu mjini, mtu wa kufunga tai hata siku ya kupakia magunia. Karani wake alikuwa Oliva. Huyo ni dada yangu wa kuzaliwa, mkubwa kwangu, na wakati huo tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele yake mlangoni. Mimba ya kwanza kukaa. Zile za nyuma zote zilitoka, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa ameacha hata kuuliza. Hii ilikuwa imefika mwezi wa saba, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti.

Sasa, mume wa mama Fausta, mzee Basili, alikuwa amekufa mwezi wa tano. Alipanda mlimani kumfuata ndama aliyepotea, mvua ikamkuta huko, na baridi ya Hanang unaijua kama umewahi kulala nayo. Walimkuta amepiga magoti mbele ya kuni mbichi. Kiberiti mkononi. Mashavu yamejaa, midomo imebana, kama mtu aliyekuwa anapuliza na hakumaliza.

Kwetu Wairaqw nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo inawekwa pembeni. Tunaita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawagawi moto, hawaombi moto, wana njia yao ya kwenda kuchota maji, na hakuna anayekula nao mpaka wazee waseme yatosha. Siyo adhabu, msitutukane. Ni kuzuia kilichoingia humo kisitoke. Na ofisi nzima ilishika mwiko, hata Wolfgang na tai yake. Siku kiberiti kilipomwishia alishuka mpaka dukani kwenye tope, wakati ng'ambo ya ukuta alikuwa anasikia kuni zikilia. Oliva ndiyo kabisa, alipita mbali hata na kivuli cha ile nusu ya pili. Mwenye mimba haazimani moto na nyumba ya metimani. Hilo hata mtoto analijua.

Basi wafadhili wakaleta laptop mbili mpya na router. Pamoja na ile laptop nzee ya Oliva zikawa tatu. Siku ya tatu Wolfgang akaniita.

"Fundi, mtandao unafika mezani kwangu tu. Nikienda stoo unakata."

"Router yako ina njia mbili za kurusha mtandao, meneja," nikamwambia. "Kuna tano, kuna mbili nukta nne. Tano ni pikipiki mpya, mbio ajabu, lakini ikikuta ukuta inazima. Mbili nukta nne ni punda. Anaenda polepole, ila anapita popote. Ukuta anapita, mlango anapita, mpaka kwa jirani anafika."

"Basi mimi niwekee punda."

"Meneja mzima, na tai hiyo, unataka punda?"

"Joakimu!" Oliva akanikemea kutoka kwenye meza yake. "Heshima!"

"Nimemheshimu, dada. Sijamwambia ampande."

Wolfgang mwenyewe alicheka. Nikaingia kwenye mipangilio ya zile laptop mbili mpya, nikazitoa kwenye kujichagulia, nikaziweka zote mbili nukta nne. Ya Oliva sikuigusa. Ilikuwa ya zamani, hiyo tano haikuijua kabisa. Nikajaribu stooni, mtandao tele. Nikaenda zangu nikiimba.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kesho yake Irene aliita kutoka ng'ambo ya pili. Kule juu, ukuta ulipokutana na mabati, kulikuwa na upenyo unaoingia mkono. Binti wa watu alikuwa amezuiwa shule kwa ajili ya metimani na mtihani ulikuwa unakaribia.

"Shikamoo dada Oliva," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani. Mtandao wenu naukuta kwenye simu yangu, ila unadai namba ya siri. Nataka kusoma tu."

Oliva alifikiria. Moto siyo. Maji siyo. Chumvi siyo. Njia siyo. Akamhurumia, akasimama chini ya ule upenyo, mkono juu ya tumbo, akamtajia namba ya siri kwa kinywa chake mwenyewe.

Ilianza na chai. Oliva alimimina chai kutoka kwenye chupa, mvuke ukapanda, akageuka kuchukua kikombe cha pili, na aliporudi ile ya kwanza ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Akaona amesahau tu. Kesho yake ikawa chupa nzima. Kisha ikaja harufu, ile ya majivu yaliyomwagiwa maji, jiko lililozimwa kwa hasira. Wolfgang alinusa chini ya meza, akanusa viatu vyake.

Halafu laptop zikaanza kupumua.

Waliniita. "Feni imejaa vumbi," nikasema kabla hata sijakaa, maana fundi anayekawia kusema anaonekana hajui. Nikaifungua ya Wolfgang. Feni safi, haina hata unyoya. Nikaifunga, nikaiwasha, nikanyamazisha spika. Tukasubiri.

*Fuu.*

Kimya.

*Fuu. Fuu.*

"Ina pumu hii," nikasema. Hakuna aliyecheka. Ile sauti haikuwa ya feni wala ya upepo. Wewe ungeijua, maana umekulia jikoni kama mimi. Ni sauti ya mtu aliyeinama, anapuliza kaa ambalo linakataa kushika.

"Joa," Oliva akaninong'oneza, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya barafu. "Ikipuliza, mtoto anatulia."

"Analala, dada."

"Halali. Anajikunja. Weka mkono hapa."

Nikaweka. Usinicheke. Tumbo la mwenye mimba ni la moto kuliko mwili wa mtu mwingine yeyote, kila mwenye dada anajua. Hili lilikuwa la vuguvugu, kama chungu kilichoepuliwa muda mrefu. Laptop yake ikapuliza, na chini ya kiganja changu likapoa zaidi.

Siku iliyofuata ukungu ulishuka mapema. Saa tisa mchana, siyo usiku, usije ukasema niliota. Nyeupe tupu, mlima hauonekani, barabara haionekani, hata mwembe wa mlangoni—haya, hatuna mwembe, nilikuwa nakupima kama unasikiliza. Nikaamua kuonyesha ubabe. Nikaufuata waya wa router nikaung'oa ukutani. Taa zake zikafa. "Kwisha habari," nikasema, na hapo Wolfgang akaigeuza laptop yake nione, akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo, mahali zile alama za mtandao zilikuwa zimesimama zote, zimejaa, hazijawahi kujaa hivyo tangu router iletwe, na router yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi imekufa, na ya pili ikajaa, na ile nzee ya Oliva ikajaa, na kutoka ng'ambo ya ukuta tukamsikia Irene akimwambia mama yake kwa sauti ya kulia kwamba simu ameizima lakini inapuliza, mama, inapuliza, na harufu ya majivu mabichi ikatoka kwenye vitufe vya herufi kama moshi unavyotoka kwenye paa la nyasi, na laptop zote tatu zikavuta pumzi kwa pamoja, pumzi ndefu, ya mtu mwenye mashavu makubwa na baridi kubwa, na dada yangu akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Kinataka moto. Joa, kimeona moto wangu."

Tulimtoa nje. Wolfgang alitaka tumbebe mpaka Haydom hospitali wakati huohuo. Nikampigia bibi Verediana kwanza. Huyu ni mama mzee wa pale pale Endasak, Mkatoliki wa rozari shingoni, misa haimpiti, lakini nyumba ikiingia metimani yeye ndiye anayejua inatokaje. Alikuja nyuma ya bodaboda, amejifunga shuka mbili, anamgombeza dereva mpaka anashuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kagawa moto hapa?"

"Hakuna, bibi," Wolfgang akasema. "Tumeshika mwiko. Hata kiberiti hatujaazimana."

Bibi alinusa hewa. Alimtazama Oliva aliyekuwa amekaa kwenye gunia la maharage, shuka begani, midomo imepauka. "Wewe mwanangu. Ulimpa nini yule binti?"

Oliva alilia kwanza, kisha akasema. Bibi hakuelewa namba ya siri ni kitu gani, ikabidi nimweleze: kuna kitu kinatoka kwenye kile kisanduku, hakionekani, watu wanakigawana, na mwenye namba anakipata hata akiwa upande wa pili.

"Kinapita ukuta?"

"Kinapita, bibi."

"Na mmoja akiwa nacho, mwenzake hapungukiwi?"

"Hapungukiwi."

"Huo ni moto," alisema bibi Verediana. "Mnasoma, mnasoma, moto hamuujui! Mmemfungulia mtu aliyekufa kwa baridi mlango wa nyumba yenye joto."

"Nimeshauzima, bibi. Nimeng'oa waya."

"Jiko likizimwa, njia ya kuendea jikoni inafutika?"

Nikairudisha bisibisi mfukoni. Weka alama hapo, siku Joakimu alishindwa ubishi.

"Twende naye Haydom basi," Wolfgang akasema. "Tumwondoe hapa."

"Mpeleke hata Ulaya. Aliyetamka ni yeye. Njia iko kinywani mwake, kitamfuata mpaka kwenye kitanda cha kujifungulia." Akanigeukia. "Hakuna moto mwingine? Usiopita ukuta?"

Hapo nikapata akili. Tano. Pikipiki inayozimwa na ukuta. Nikamweleza, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. Alisema tutaziachia zile mashine moto usiopita ukuta, moja baada ya nyingine. Ila kuna jambo. Njia inafungwa kile kitu kikiwa kwao. Ukifunga kikiwa huku, umekifungia huku. Kwa hiyo mama Fausta atawasha moto mkubwa ng'ambo, mkubwa kuliko wote aliowahi kuwasha, akiita jina la mumewe, mpaka kivutwe. "Wewe mwenye masikio makubwa," akaniambia, "utaweka sikio ukutani. Ukisikia kinapuliza kule, funga ya mwisho. Usifunge kabla."

Akasimama chini ya ule upenyo akasema na mama Fausta kwa Kiiraqw, maneno machache. Mama Fausta akajibu neno moja. Tukasikia shoka.

Oliva tulimrudisha ofisini. Bibi alisema lazima, kinywa kilichofungua njia kiwepo njia ikifungwa. Nikairudishia router umeme, nikaizimia kabisa ile mbili nukta nne, nikaacha tano peke yake. Nikakaa kwenye laptop ya kwanza, nikachagua tano tu, nikaiambia isahau mitandao yote iliyowahi kuijua. Pumzi ikakatika humo. Ya pili hivyo hivyo. Sasa zote zikawa zinapumulia kwenye ile nzee ya Oliva, kwa nguvu ya tatu, kioo kikaingia ukungu kwa ndani.

Na hiyo haina tano. Hiyo nilikwambia.

Hapakuwa na cha kuchagua. Ilibidi niifungue niutoe moyo wake wa mtandao, kile kipande kidogo cha ukubwa wa stempu ya barua, chenye nyaya mbili nyembamba. Nikaigeuza, nikafungua skrubu. Ndani haikuonekana feni. Haikuonekana waya. Ilikuwa imejaa majivu, mabichi, baridi, yameshindiliwa mpaka kwenye pembe. Nikaingiza vidole nikitafuta, huku sikio nimelibandika ukutani, ng'ambo kuni zikipasuka, mama Fausta akiita Basili, Basili, njoo, huku kuna moto, Irene akilia, bibi akisali rozari na maneno mengine katikati ya rozari, na dada yangu nyuma yangu akihema kwa vipande, nikakipata kile kipande, nikakishika kwa kucha mbili, nikasubiri kusikia.

Nikasikia. *Fuu,* kule. Upande wao. Nikapiga kelele, "Kimeenda!" nikakivuta kile kipande, na nyumba yote ikanyamaza.

Chai ya siku ile ilitoka na mvuke. Mama Fausta alikaa na moto wake usiku kucha, na wazee walipokuja baada ya mavuno waliisafisha nyumba, wakaitoa kwenye metimani, Irene akarudi shule. Oliva alijifungua Haydom mwezi wa tisa, mtoto wa kiume, mzito, analia mpaka wodi ya pili wanalalamika. Wakamwita Yonas. Bibi Verediana alipokea kondoo. Wolfgang alivua tai kwa wiki nzima. Mtaani nikawa yule fundi aliyemfungia jini mlango, na sikukataa. Ungekataa wewe?

Ndivyo ninavyoisimulia. Hivyo ndivyo anavyoijua Oliva, ndivyo anavyoijua bibi.

Lakini umekaa mpaka mwisho, na hujabisha hata mara moja, kwa hiyo chukua na hii.

Sikusikia kitu.

Sikio langu lilikuwa ukutani na ng'ambo nilisikia kuni tu, na mama Fausta. Hakuna pumzi. Nikageuka kumwangalia Oliva nimwambie avumilie kidogo, nikaona ameinama, kanga imeanza kulowa, midomo yake rangi ya majivu, ananiangalia mimi kama enzi zile tukiwa wadogo nikiwa nimepanda juu ya mti na yeye chini amenyoosha mikono. Mle kwenye mashine pumzi ilikuwa imesimama pia. Haikuwa kule, haikuwa huku. Nilingoja. Mungu ananiona, nilingoja kadiri nilivyoweza. Kisha nikapiga kelele kwamba kimeenda, nikavuta.

Yonas ana afya. Anakula kuliko mimi, anaita mjomba, anajua kuwasha simu yangu bila kufundishwa. Mtoto wa kawaida kabisa. Ukungu ukishuka namchukua kibandani kwangu, nampakata ndani ya hili koti la zipu mbili, naweka mkono wangu juu ya kifua chake. Ni cha moto. Kila mara ni cha moto.

Na kila mara nangoja kidogo kabla ya kuuondoa mkono, kwa sababu sijui nilikifungia upande gani.